Bodi imeondoka, ngano imebaki mikononi mwako: uuze kwa njia ipi?

Hadi Juni 2008, mkulima wa Australia aliyetaka ngano yake ipakiwe melini kama shehena hakuhitaji kumtafuta mnunuzi. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, kampuni ya AWB, mrithi wa bodi ya ngano iliyoundwa mwaka 1939 vita vilipoanza. Unavuna, unajaza lori, unamwaga nafaka kituoni, unapokea malipo ya kwanza, kisha unasubiri mengine yaje kidogo kidogo. Soko la ndani lilikuwa huru tangu 1989, na ngano ya kwenye makontena na magunia ilifunguliwa 2007. Lakini sehemu kubwa ya ngano ya nchi ile huondoka kwa meli, na mlango wa meli ulikuwa na ufunguo mmoja.

Ufunguo huo ulipotea kwa aibu. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Paul Volcker mwaka 2005, na tume ya Australia ya Terence Cole iliyotoa ripoti mwaka uliofuata, ulionyesha kuwa takriban dola milioni 290 za Australia zilipitia AWB hadi serikali ya Saddam Hussein kwa kisingizio cha nauli za malori ndani ya Iraq, huku nchi hiyo ikiwa chini ya vikwazo. Sheria mpya ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2008. Mwanzoni kila kampuni iliyotaka kusafirisha shehena ilipaswa kupata idhini ya mamlaka maalumu. Mwishoni mwa 2012 hata mamlaka hiyo ikafungwa.

Kelele za wakati ule, za waliosherehekea na za waliolia, zilihusu zaidi bei. Nadhani walikuwa wanaangalia pasipo. Bodi haikuwa mnunuzi tu. Ilitafuta wateja nje, ilichagua siku ya kuuza, ilichanganya ngano nzuri ya huyu na hafifu ya yule, na ilihakikisha hela inafika. Kazi hizo nne hazikufa na bodi. Zilihamia kwenye meza ya jikoni ya mkulima, juu ya kazi ya kulima aliyokuwa nayo tayari. Kwa hiyo unapolinganisha njia za kuuza, usianze na bei iliyoandikwa ubaoni. Anza na swali hili: kwa njia hii, ipi kati ya kazi zile nne inabaki mgongoni mwangu, na je, naiweza?

Njia zenyewe ni tano, na wakulima wengi huzichanganya.

| Njia | Nani huchagua siku ya bei | Hela huingia lini | Panapouma |
|---|---|---|---|
| Taslimu wakati wa mavuno | Wewe, ila kalenda inakusukuma | Wiki chache baada ya kumwaga | Mnauza wote kwa wakati mmoja |
| Kapu la pamoja | Msimamizi wa kapu | Kwa mafungu, hata zaidi ya mwaka | Huoni ndani, na hela yako iko kwa mtu |
| Mkataba kabla ya mavuno | Wewe, miezi kabla | Baada ya kupeleka mzigo | Mvua ikikosa, deni ni lako |
| Kuweka ghalani | Wewe, ukiwa na subira | Ukiuza | Riba, ada, wadudu |
| Kukinga bei sokoni | Wewe, kwa karatasi | Ngano huuzwa kando | Kuitwa kuongeza fedha wakati huna |

Taslimu kituoni

Hii ndiyo njia rahisi kueleza. Unafika na lori, kuna orodha ya wanunuzi na bei zao za leo, unachagua mmoja, na kwa masharti ya kawaida analipa ndani ya takriban siku 30. Ubaya wake unajulikana: mavuno yanapopamba moto, kila mtu anamwaga wiki zile zile, mnunuzi hana sababu ya kupandisha mkono. Lakini nisiidharau. Mwenye deni la mbolea na dizeli linaloiva Januari hana anasa ya kungoja, na bei ya chini iliyolipwa ni bora kuliko bei ya juu iliyobaki hadithi.

Kosa linalojirudia kwenye njia hii ni kulinganisha bei zisizo za sehemu moja. Mmoja anatoa bei ya bandarini, mwingine ya kituo cha bara, wa tatu ya getini kwako. Chukua mfano wa namba za kubuni. Mnunuzi wa kwanza anatoa dola 345 kwa tani bandarini, wa pili 312 kituo cha karibu, wa tatu 309 akija kuchukua mwenyewe shambani. Kwa macho, wa kwanza ameshinda. Sasa toa nauli: bandarini ni dola 38, kituoni 9. Wa kwanza anabaki na 307, wa pili 303, wa tatu 309. Halafu uliza siku za malipo. Wawili wa mwanzo wanalipa siku 30, wa tatu 60. Kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, siku 30 zinakula kama dola 2 kwa tani, siku 60 kama 4. Wa kwanza na wa tatu wote wameishia kwenye 305. Yule wa bandarini aliyeonekana kinara hana tena cha kujivunia, na swali linalobaki ni yupi kati yao unamwamini na hela yako. Hesabu hii haichukui dakika kumi, lakini wengi huifanya kichwani, nako kichwani nauli hupungua yenyewe.

Kisha kuna daraja, yaani kiwango cha ubora wa ngano yako. Hapa ndipo siku ya taslimu huwa na kitisho chake, na ni vizuri kuliona kwa karibu. Lori linasimama kando ya jukwaa la sampuli, mkono wa chuma unashuka na kufyonza nafaka kutoka sehemu kadhaa za mzigo. Ndani ya kibanda, mashine inasoma protini na unyevu. Mhudumu anapima nusu lita, anaitia kwenye chekecheo lenye matundu ya milimita 2, anatikisa mara 40, na anapima chenga zilizopita chini. Unyevu ukizidi asilimia 12.5 unarudi nyumbani. Protini ikifika asilimia 11.5 umepata daraja liitwalo H2, ikifika 10.5 ni APW1, chini ya hapo unateremka hadi ASW1. Lori lenye 10.4 na lori lenye 10.5 yametoka shamba moja, pengine asubuhi moja, na tofauti yake ni pesa halisi kwa kila tani.

Zamani tofauti ndogo kama hizo zilimezwa kiasi na kapu la bodi, lililouza ngano ya wote pamoja na kugawa wastani. Sasa ni zako. Ndiyo maana mkulima aliyejipanga hupima mwenyewe kabla ya kupakia, huvuna vipande vya shamba kwa mpangilio, na huuliza mapema kama kampuni ya maghala inaruhusu kuchanganya kwa hesabu ya wastani mizigo iliyozidi na iliyopungua. Nyingine zinaruhusu, nyingine hapana, na jibu hilo pekee linaweza kuzidi tofauti ya bei kati ya wanunuzi wawili.

Kapu la pamoja

Makapu hayakufa na bodi. Yaligeuka kuwa bidhaa. Kampuni mbalimbali, na hata CBH, ushirika wa wakulima wa Australia Magharibi ulioanza 1933, zimewahi kuyaendesha. Unaweka tani zako, msimamizi anauza kidogo kidogo mwaka mzima, mnagawana wastani baada ya kutoa gharama. Kwa mtu asiyependa kushika simu kila asubuhi kuangalia soko la nafaka la Chicago, Marekani, limeamkaje, hii ni njia ya heshima kabisa. Malipo ya mafungu pia husaidia wale wanaotaka sehemu ya kipato iangukie mwaka wa kodi unaofuata, maana mwaka wa kodi wa Australia huisha 30 Juni, miezi sita baada ya mavuno.

Wazee waliozoea kapu la bodi ndio hujikwaa hapa, kwa sababu jina ni lile lile na kitu si kile kile. Kapu la zamani lilisimama juu ya haki ya kisheria ya kuuza peke yake. Ngano ya nchi nzima ilipitia pale. Kapu la leo ni mkataba wako na kampuni moja. Makadirio ya malipo yaliyoandikwa kwenye kipeperushi si ahadi. Ada za usimamizi, gharama za kukinga bei, riba ya malipo ya awali, vyote hukatwa kabla ya wewe kuona kitu. Na kama kampuni ikianguka katikati ya mwaka, ngano yako imekwisha kuwa yake, wewe unapanga foleni na wadai wengine.

Ukitaka kuingia, nenda na maswali matatu ya kwenye karatasi. Msimamizi anaruhusiwa kuuza kiasi gani kabla ya kuwa na mzigo mkononi? Kapu likipata hasara kwenye kinga ya bei, nani anaibeba? Na kama kampuni hiyo hiyo inanunua taslimu kwa ajili yake, ngano ya kapu inaiuzia nani, na kwa bei iliyopangwa na nani? Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu jibu lake mara nyingi liko ukurasa wa mbali kwa maandishi madogo.

Mkataba kabla ya mavuno

Wahenga walisema usikate mbeleko mwana hajazaliwa. Mkataba wa mapema ndiyo mbeleko yenyewe. Unauza mwezi Julai ngano utakayovuna Desemba, bei imefungwa, unalala. Benki hupenda sana karatasi hii, na kuna miaka inaokoa mtu.

Sasa fikiria upande wa pili. Umekubali kupeleka tani 1,000 kwa dola 290. Mvua za Septemba zimekataa, umepata tani 600. Ukame haujakupata peke yako, kwa hiyo bei imepanda hadi 410. Tani 400 ulizoahidi huna. Unalazimika kujitoa kwenye mkataba kwa fedha, yaani kumlipa mnunuzi tofauti ya dola 120 kwa kila tani: dola 48,000, mbali na ada ya usumbufu. Ulichouza kimekuletea 174,000, ukitoa deni unabaki na 126,000. Jirani yako mwenye tani 600 zile zile ambaye hakusaini chochote amepata 246,000. Hajakushinda kwa akili. Hakusaini tu.

Namba hizo ni za kubuni, ila kisa si cha kubuni. Ukame uliwabana wakulima wengi wa mashariki ya Australia mwaka 2007 wakiwa wamekwisha kuuza mapema, na mwishoni mwa mwaka huo ngano ya Chicago ilivuka dola 10 za Marekani kwa busheli, kipimo cha kama kilo 27 za ngano, kwa mara ya kwanza. Ukame na bei vilipanda ngazi pamoja. Yaani mwaka mmoja kabla ya bodi kuondoka, somo lilikuwa limeshatolewa, na kwa ada kubwa.

Kuna kujikwaa kwa aina nyingine: tani zipo, ubora haupo. Mavuno ya 2010 mashariki mwa nchi yalinyeshewa mashambani, nafaka ikaanza kuota ingali kwenye masuke, na ngano nyingi ya mkate ikateremka hadi chakula cha mifugo. Kipimo kinachoamua ni rahisi kuliko jina lake. Unga na maji huchanganywa ndani ya mrija, mrija unatiwa kwenye maji yanayochemka, kijiti kinaachwa kizame, na unahesabu sekunde. Ngano nzima hufanya uji mzito na kijiti hukawia. Iliyoota hufanya uji mwepesi na kijiti hutumbukia. H2 na APW1 hutaka angalau sekunde 300. Mwenye mkataba wa daraja moja tu alijikuta na maghala yaliyojaa ngano, na bado anadaiwa ngano.

Kwa hiyo usiulize tu bei ya mkataba. Uliza umbo lake. Mkataba wa tani unakudai tani. Mkataba wa eneo unakudai kile kilichoota kwenye hekta zilizotajwa, kikiwa kingi au kidogo, na kwa sababu hiyo bei yake huwa chini. Mkataba wa madaraja mengi una jedwali la nyongeza na makato, hivyo ngano ikiteremka daraja bado inakubalika kwa bei pungufu. Kwa anayelima mahali mvua ni ya kubahatisha, mimi ningekubali kupoteza dola kadhaa kwa tani ili nipate eneo na madaraja mengi. Na hata hivyo nisingefunga zaidi ya theluthi moja ya mavuno ninayoyategemea kabla ya kuona masuke. Wenye mvua za uhakika wanaweza kunicheka, na watakuwa sahihi kwa mashamba yao.

Kuweka ghalani

Haraka haraka haina baraka, ngojangoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili zimekaa pamoja miaka yote bila kupatana, na mwenye ngano ghalani anaziishi zote mbili kwa wiki moja.

Kungoja kuna bei yake, na watu huisahau kwa sababu hakuna anayewaletea ankara. Tuseme bei ya mavuno ni dola 300. Kwa riba ya asilimia 8, hela iliyolala ndani ya ngano inakugharimu dola 2 kwa tani kila mwezi. Kampuni ya maghala ikitoza kiasi kama hicho kwa kuhifadhi, ni dola 4. Baada ya miezi sita, bei isiyofika 324 imekupa hasara, hata kama unajisifu kuwa uliuza kwa 320 wakati wenzako waliuza kwa 300.

Kuhifadhi shambani kunaondoa ada, lakini kunaleta kazi. Wadudu wa ghala huko wamezoea gesi ya fosfini kwa sababu kwa miaka mingi imefukizwa kwenye sailo, yaani matangi ya nafaka, zinazovuja. Sailo ya kufukizia lazima ishike hewa. Kiwango cha Australia kwa sailo mpya kinataka shinikizo lililojazwa ndani lichukue angalau dakika tano kushuka hadi nusu. Unawasha feni, unaangalia kimiminika kwenye mrija wa kupimia, unatazama saa. Kikishuka kwa dakika moja, gesi utakayoweka itaua wadudu dhaifu na kuwaacha sugu wazaane, na mzigo wako utakuja kukataliwa kituoni kwa mdudu mmoja hai. Mifuko mirefu ya plastiki inayolazwa chini ni nafuu kuanza nayo, ila ndege, panya na ng'ombe wa jirani huiona kama mwaliko.

Faida halisi ya ghala lako mwenyewe, kwa maoni yangu, si bei ya Mei. Ni uwezo wa kusema hapana mwezi wa Desemba. Canada inaonyesha hilo vizuri. Bodi yao ya ngano, iliyoanza 1935, ilipoteza haki ya kuuza peke yake tarehe 1 Agosti 2012. Msimu wa pili tu wa uhuru, 2013, nyika za Canada zilitoa mavuno ambayo hayajawahi kuonekana, majira ya baridi yakawa makali, na reli zikashindwa kubeba. Ngano ilijaa kwenye vituo, wanunuzi wa bara wakashusha bei zao mbali chini ya ile ya bandarini, maana hawakuwa na pa kuiweka. Machi 2014 serikali iliziagiza kampuni mbili kubwa za reli zibebe angalau tani 500,000 kwa wiki kila moja. Waliokuwa na nafasi shambani walingoja. Wengine waliuza kwa bei ya foleni.

Australia ina shingo ya chupa yake, nayo ni bandari. Maghala na gati za nafaka ziko mikononi mwa wachache: CBH magharibi, GrainCorp mashariki, na kusini Viterra, iliyoungana na Bunge mwaka 2025. Wenye gati hao ndio pia wafanyabiashara wa nafaka, kwa hiyo mshindani wao anahitaji kupita kwenye mlango wao. Tarehe 30 Septemba 2014 ilianza kanuni ya lazima kuhusu nani anapata nafasi ya kupakia, tume ya ushindani ikiwa msimamizi. Kwa mkulima hili linageuka swali dogo la vitendo: kituo ninachomwaga kinafikiwa na wanunuzi wangapi kweli? Orodha ndefu ubaoni si kitu kama nusu yao hawana meli.

Kukinga bei sokoni

Nitakuwa mfupi, kwa sababu njia hii ni nzuri kwa wachache. Unauza mkataba wa karatasi kwenye soko la bidhaa, bei ikishuka unapata kwenye karatasi unachopoteza kwenye ngano. Mkataba wa ngano wa soko la Sydney ni tani 20, unaomfaa hata mdogo, lakini wakati mwingine hakuna mtu wa upande wa pili. Chicago kuna watu saa zote, mkataba ni busheli 5,000, kama tani 136, na uko kwa dola za Marekani, kwa hiyo umenunua na hatari ya sarafu.

Tatizo kubwa ni kwamba Chicago haijui kama kwako kumenyesha. Mwaka 2018 ukame uliwachoma mashariki mwa Australia, bei za huko zikaachana kabisa na za dunia, nafaka ikasafirishwa kwa meli kutoka bandari za magharibi kuja kuwalisha. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu hata ngano ya Canada iingizwe. Aliyekuwa ameuza karatasi Chicago hakupata hifadhi yoyote dhidi ya kilichokuwa kinatokea kijijini kwake. Na bei ya Chicago ikipanda kabla hujavuna, dalali anakupigia uongeze fedha leo hii, wakati fedha zako zote ziko ardhini zikiwa kijani. Kama huna benki iliyokubali hilo kwa maandishi kabla, pita njia nyingine.

Basi yupi achukue ipi?

Mwenye madeni mazito na shamba la mvua za kubahatisha: nusu au zaidi taslimu, mkataba mdogo wa eneo, na sailo moja nzuri kuliko tatu mbovu. Mwenye mvua za uhakika na benki iliyotulia anaweza kufunga zaidi mapema na kuweka zaidi ghalani. Mwenye umri mkubwa, au mwenye mifugo inayomlia muda wote, asione haya kutia sehemu kubwa kwenye kapu, mradi amesoma yale maandishi madogo. Mshauri wa kulipwa ni msaada wa kweli, ila muulize kwanza nani anamlipa. Anayelipwa na wewe kwa mwaka hana haraka. Anayelipwa kwa kila tani inayouzwa ataona kila siku kuwa siku njema ya kuuza.

Wala usidhani kueneza hatari ni jambo la kampuni kubwa tu. Mei 2020 China ilitoza shayiri ya Australia ushuru wa jumla wa asilimia 80.5. Tangazo lilikuja msimu wa kupanda, wengi wakiwa na mbegu ardhini. Ushuru huo uliondolewa Agosti 2023. Hakuna njia kati ya tano zilizo juu inayokukinga na barua ya namna hiyo, isipokuwa kuwa na zao la pili shambani.

Limebaki la hela kufika, na ndilo nililoliacha makusudi. Canada ilipofungua soko, ilibakiza leseni: mnunuzi lazima aweke dhamana kwa tume ya nafaka, na mkulima ambaye hajalipwa anaweza kudai, mradi asikawie zaidi ya siku 90 tangu apeleke mzigo, au siku 30 tangu apewe hundi. Australia haikuweka kitu kama hicho, na tangu 2008 kampuni kadhaa za nafaka zimeanguka zikiwa na madeni ya wakulima. Kule kinga unajijengea mwenyewe. Unaweza kuuza kupitia soko la mtandaoni kama Clear Grain Exchange, ambako umiliki wa nafaka haumhamii mnunuzi mpaka alipe. Au unaweka kwenye mkataba kifungu kinachosema ngano ni yako hadi hela iingie, na unakisajili kwenye daftari la taifa la dhamana za mali, lililoanza 30 Januari 2012. Kifungu bila usajili ni karatasi tu mbele ya mfilisi. Na usajili unatakiwa uwepo kabla mnunuzi hajaipokea nafaka, yaani kabla lori la kwanza halijatoka getini.